Mlango Niliomfungia Baba

Baba yangu aliniita nau mpaka siku aliyofariki. Kwetu Ukambani nau ni baba. Mimi ni kifungua mimba wake na nimebeba jina la baba yake, kwa hivyo kwake nilikuwa mwanawe na pia mzee wake aliyerudi. Nikimpigia simu nasema, "Nau, umeamkaje?" naye anajibu, "Nimeamka salama, nau." Wageni walicheka wakitusikia. Kwetu ni kawaida, na mtu anayekuita hivyo hakubishii. Nikisema jambo, hasa la kompyuta, kwake lilikuwa limekwisha.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kalamba, na alipostaafu aliondoka na kipima mvua cha shule. Hakukiiba, jamani. Walikuwa wanajenga madarasa pale kiliposimama, mwalimu mkuu akataka kitupwe, baba akakileta nyumbani kwa mkokoteni. Akakisimika mbele ya nyumba, mbali na miti, akakizungushia seng'enge ili mbuzi wasikiguse. Kila siku saa tatu asubuhi, hata Krismasi, alimimina maji kwenye bilauri ndefu ya kupimia, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, akaandika kwenye daftari. Kiangazi aliandika sifuri. Niliwahi kumwuliza kuna faida gani kupima kitu ambacho hakipo, miezi minne mfululizo.

"Sifuri niliyoiona kwa macho si sawa na sifuri ya kukisia," akasema. "Wewe umesoma, hujui hiyo?"

Mimi ni fundi wa kompyuta wa mradi mmoja wa maji, ofisi yetu iko mjini Wote. Mradi huu unategemea wasomaji wa mvua, watu wa kujitolea kama baba, waliotawanyika Makueni na Kitui. Zamani walileta karatasi kila mwisho wa mwezi. Mimi ndiye niliyewatengenezea ukurasa kwenye intaneti: unafungua kwa simu, unaweka nambari yako ya siri, unaandika milimita, unabonyeza. Baba aliujua kwa siku moja. Tangu hapo hakukosa. Mfumo ulikuwa ukihesabu siku ambazo msomaji ametuma bila pengo, na yeye ndiye aliyeongoza, akifuatwa na mzee mmoja wa Kitui ambaye hawakuwahi kuonana naye. Akinipigia, kabla hata hajauliza habari za wajukuu, anauliza, "Bado niko mbele ya yule wa Kitui?" Namwambia bado. Anacheka, halafu ndipo anauliza watoto. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake baada ya kazi, na hakutaka iwe na pengo hata la siku moja.

Mwaka jana mwezi wa sita, watu tusiowajua walianza kujaribu nambari za siri kwenye mfumo wetu. Mfumo wenyewe hauko Wote. Uko kwenye cloud, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali, na anwani yake ilikuwa wazi kwa dunia nzima. Mkubwa wangu akasema funga. Nami nikafunga, na nilifunga barabara, siwezi kujinyima sifa hiyo. Nilijenga mtandao wa faragha huko huko kwenye cloud, nikauunganisha na ofisi yetu, nikauingiza mfumo humo pamoja na hifadhidata yake, nikaupa anwani ya ndani ambayo mtu wa nje hawezi kuifikia. Kisha nikaizima njia ya umma. Kuanzia siku hiyo, aliye ofisini Wote anaingia. Afisa wa nyanjani naye anaingia, kwa laptopu niliyoiwekea njia ya siri ya kufika ndani. Mwingine yeyote anakutana na neno moja la Kizungu linalomwambia amekatazwa.

Kabla ya kufunga niliandika orodha ya wanaotumia mfumo. Niliipata kwa karani wa wafanyakazi. Wasomaji wa mvua si wafanyakazi, hawana mshahara, hawamo kwenye karatasi yoyote ya karani. Na mimi niliyewatengenezea ule ukurasa kwa mikono yangu, mimi mwenye baba miongoni mwao, sikuwakumbuka. Nimejiuliza mara nyingi iliwezekanaje. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa najiona bingwa.

Kesho yake saa tatu unusu simu ikalia.

"Nau, ile kitu imekataa."

"Imekataaje?"

"Inasema nimekatazwa."

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeng'amua hapo hapo. Simu iliyokosa network haisemi umekatazwa. Inazunguka tu, inazunguka, mwisho inachoka. Ukiambiwa umekatazwa, ujue umefika mpaka mlangoni, aliye ndani amekuona na amekufukuza. Baba alinipa jibu lote kwa neno moja. Lakini nilikuwa naingia mkutanoni, chai mkononi, na akili yangu ilikuwa kwenye sifa nitakazopewa huko ndani. Nikafungua laptopu yangu, ukurasa ukafunguka chap! Ungeachaje kufunguka, na laptopu yangu ilikuwa imeshapitishwa ndani?

"Kwangu inafunguka, nau. Ni network ya huko kwenu."

"Lakini si nakupigia na simu hii hii?"

"Kupiga simu na intaneti ni vitu viwili. Panda pale kwenye mwamba. Juu inashika vizuri."

"Sawa, nau."

Mwamba wenyewe uko nyuma ya shamba letu, na kuupanda ni kama nusu saa kwa mtu mwenye magoti mazima. Ya baba yalikuwa yameshaisha zamani, alitembea kwa mkongojo. Akapanda. Akanipigia kutoka juu akihema, "Hata huku inasema vile vile." Nikamwambia aendelee kujaribu, itashika tu. Siku ya tatu akaniandikia ujumbe: tarehe, saa, sifuri. Nikamjibu asinitumie mimi, aweke kwenye mfumo, kwa sababu kinachohesabika ni kilicho kwenye mfumo. Ujumbe huo bado umo kwenye simu yangu.

Baada ya hapo hakunisumbua tena, nami nikajua imeshika. Akiniuliza kama bado yuko mbele ya yule wa Kitui namwambia bado, bila kuangalia. Wasomaji wengine, nilikuja kuambiwa baadaye, walijaribu siku moja mbili wakaona ofisi imewatupa, wakaendelea na mashamba yao. Ofisini hakuna aliyeona chochote. Kiangazi nani anafungua ukurasa wa mvua? Pasipoandikwa kitu sisi tunasoma hakuna mvua, tunapita.

Mama alinipigia mara moja, mwezi wa nane. "Mwambie baba yako aache kupanda huko juu kila siku," akasema. "Anarudi miguu inatetemeka, hata chai hamalizi." Nikacheka. Nikamwambia mazoezi ni dawa, mama, mwache mzee atembee. Wueh! Kuna maneno mtu akiyakumbuka anatamani kujizaba kofi.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwishoni mwa mwezi wa kumi. Mama anasema asubuhi ile baba aliamka kama bwana harusi. Alipima mara mbili, akamwita aje aone bilauri: kumi na nane nukta nne. Akavaa koti. Mama akamwambia mwamba umelowa, angoje jua lipige kidogo, ataanguka. Akajibu kwamba mvua ya kwanza ndiyo watu wanaingojea huko ofisini, haiwezi kukaa mfukoni mwake. Akaenda. Jirani yetu aliyekuwa akipanda ndengu chini ya mwamba alisikia mtu analia kwa maumivu, kama saa nne hivi. Ilimchukua muda kujua sauti inatoka wapi. Alimfikia saa tano kasoro. Baba alikuwa amevunjika nyonga, amelala kwenye mawe, simu mkononi.

Nilimkuta hospitalini alasiri hiyo. Alikuwa amekonda, na mimi sikuwa nimemwona tangu mwezi wa saba, ilhali Wote na Kalamba si safari. Alifumbua macho akanitazama.

"Nau, imefika?"

"Nini, nau?"

"Kumi na nane nukta nne."

Sikujua. Sikuwa nimeangalia chochote. Nikasema, "Imefika."

"Kwa hivyo sijakosa siku."

"Hujakosa hata moja. Yule wa Kitui ameachwa mbali."

Akatabasamu, akalala. Kifua kikaanza kumsumbua siku ya pili yake, na siku ya tano akatutoka. Watu wa kanisa walikuja wengi, waliimba vizuri, na mchungaji alisema mzee alikuwa mwaminifu katika madogo. Nililia sana, lakini nililia kama mtu asiye na hatia, kilio kinachompunguzia mtu uzito. Sijawahi kulia hivyo tena.

Wiki moja baada ya mazishi nilirudi kazini nikafungua ukurasa wa mvua. Nilitaka tu kuiona ile kumi na nane nukta nne. Haikuwepo. Nikateremka chini, mwezi wa tisa, wa nane, wa saba, hakuna kitu mpaka ile siku ya mwezi wa sita. Nikadhani nimefungua kituo cha msomaji mwingine. Nikarudia. Kisha nikakumbuka neno lake, nimekatazwa, nikalielewa kama ndiyo kwanza analisema.

Mfumo huwa unaandika kila aliyekataliwa mlangoni: ametokea wapi, saa ngapi, alitaka ukurasa gani. Nikaifungua orodha hiyo. Wengi walikuwa wale wezi wa nchi za mbali. Katikati yao, kila asubuhi, kulikuwa na simu moja ya hapa Kenya ikiomba ukurasa wa kituo chetu. Saa tatu na dakika chache, mara moja. Halafu karibu saa nne, mara tatu, mara nne. Jumapili pia. Nilikuwa nimemwambia itashika na kwamba bado yuko mbele, naye akaniamini mimi kuliko simu yake. Siku niliyomwambia mama mazoezi ni dawa, baba alikuwemo. Asubuhi ya mvua alijaribu mara kumi na tatu, na tatu za mwisho ni za baada ya saa nne na robo, yaani alikuwa ameshaanguka. Jirani alikuwa bado anamtafuta kwenye mawe, na yeye amelala pale nyonga imevunjika, anabonyeza, na mlango wangu unamwambia amekatazwa.

Siku hiyo hiyo niliwatengenezea wasomaji njia yao, ukurasa mdogo ulio wazi nje, unaopokea tarakimu na kuziingiza ndani bila kumruhusu mtu kuona kingine. Ilinichukua saa mbili. Saa mbili tu! Kisha nikaenda nyumbani kuchukua daftari lake, nikaziingiza siku zake zote moja baada ya nyingine nikiwa nimekaa kwenye kiti changu Wote, sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mvua. Mtu akiangalia leo ataona msomaji wa Kalamba hakukosa siku.

Mama sijamwambia. Mara tatu nimeenda nyumbani nikiwa nimejipanga kabisa. Ananipakulia muthokoi, tunazungumza habari za mbuzi na za mtaro uliobomoka, ananiuliza mbona sili, na ninarudi Wote nikiwa nimeyameza. Ninaogopa. Mimi mtu mzima, mwenye watoto, ninamwogopa mama wa miaka sabini kwa sababu najua hatanigombeza.

Mwezi uliopita alisema haitakuwa vizuri kipima mvua kikae bure, nimfundishe kutumia simu ya baba. Nikamfundisha. Jumatatu iliyofuata, saa tatu na dakika tano, akanipigia.

"Mwanangu, imeingia!"

"Imeingia, mama?"

"Imeingia mara moja! Niko hapa hapa uani, hata viatu sijavaa."

Alikuwa anacheka, mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu mazishi. Halafu akarudia polepole, "Hapa hapa uani." Nilijua kinachokuja na sikuwa na pa kukimbilia.

"Sasa baba yako alikuwa anapanda huko juu kwa nini?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nakumbuka hata neno la kwanza lilikuwa lipi. Lakini lililotoka ni kwamba siku hizi network ya huko imeboreshwa.

"Kumbe," akasema. "Basi si angengoja kidogo tu, jamani. Nilimwambia angoje."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Angengoja."