Mashua Atakayoipanda Mama

Mwishoni mwa miaka ya themanini, mimi na mke wangu tulipanga nyumba ndogo mjini Kisumu, na jioni tulikuwa na mazoea ya kwenda Dunga, kando ya ziwa, kutazama mashua za matanga zilizotia nanga karibu na ufuko. Sikumbuki ni nani kati yetu aliyetamka kwanza kwamba tungeweza kuishi ndani ya mojawapo. Nakumbuka tu kwamba baada ya kulitamka, nyumba ilianza kutuchosha. Mimi nilikuwa mwalimu, yeye muuguzi. Bado hatukuwa na mtoto, na akilini tulishaziona likizo zetu zote zikipita kandokando ya ziwa, leo Kendu, kesho Asembo.

Mhandisi mmoja mgeni, aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao, alikuwa akiuza mashua mbili. Kubwa ilikuwa ya futi thelathini na sita: ilikuwa na sebule yenye meza, na mbele kabisa chumba cha kulala chenye mlango wake. Ndogo ilikuwa ya futi ishirini na nne. Ukiinama kuingia ndani, kitu cha kwanza kugusa magoti yako ni kitanda.

Mimi niliitaka kubwa. Nilizungumza sana juu ya rafu za vitabu. Mke wangu hakubishana. Aliomba tuzijaribu zote mbili, yeye akiongoza peke yake, nami nikiwa nimeketi mikono mapajani kama mtu aliyelemewa na malaria. Katika ile kubwa, upepo wa alasiri ulipoanza, tanga lilimyumbisha huku na huku, na nanga ilipozama topeni alishindwa kuing'oa. Ile ndogo aliigeuza, akashusha tanga, akaifikisha ufukoni bila kuniita.

"Siku utakapougua kweli," alisema akifunga kamba, "nataka nikufikishe hospitali. Sitaki kukaa katikati ya ziwa nikikutazama wewe na meza yako."

Kwa upande wa ziwa, basi, shauri lilikuwa limekwisha. Alibaki Mama.

Mama aliishi karibu na Bondo, nami nilikuwa mwanawe wa pekee. Kwetu, mama haingii mahali ambapo mwanawe aliyeoa hulala na mkewe. Hata kukiona kitanda chao ni aibu inayowapata wote watatu. Katika nyumba ya Kisumu aliketi sebuleni, na usiku akaenda kulala kwa dada yake. Mashua ile ndogo haikuwa na sebule. Nilijipa moyo kwamba chombo kinachoelea si nyumba, hakina msingi wala boma, na mila haikupata kukifikiria. Nikaenda Bondo kumweleza hivyo, nikiwa nimezipanga hoja zangu kama wakili.

Alinisikiliza huku akichambua mboga.

"Mnalala humo?"

"Tunalala, Mama."

"Basi ni nyumba, baba. Nitakuja niwapungie mkono kutoka ufukoni."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Njiani nikirudi nilikwisha kuamua kuchukua ile kubwa: nilikuwa tayari kuishi katika mashua ambayo mke wangu hangeweza kuiendesha, mradi mama yangu apate kuikanyaga. Nilimwambia mke wangu uamuzi huo. Yeye akasema kwamba Mama hakuwa akitafuta pa kulala kwetu. Alitaka pa kuketi na kupewa chai kama mama wa mtu.

Tukachukua ndogo. Jiko tulilihamishia nyuma, kwenye nafasi ya wazi karibu na usukani. Tukaongeza benchi, tukatandaza turubai juu yake, na mlango wa chumba tukauwekea mbao za kuufunga kabisa anapokuja mgeni, kitanda kisionekane.

Mama alikuja likizo iliyofuata, tukiwa Asembo. Alisimama majini hadi kwenye vifundo vya miguu, akaitazama ile benchi, akautazama mlango uliofungwa, halafu akampa mke wangu kikapu cha viazi vitamu na kupanda. Aliketi akiupa mlango mgongo. Tulikuwa tumekwisha kuacha ufuko mbali mvua iliposhuka, ikija kwa ubavu, na turubai halikusaidia sana. Ndani kulikuwa kukavu. Hakuna aliyeutazama mlango ule. Mke wangu alishika usukani, mimi nikaikinga sufuria ya chai kwa koti langu, na Mama akajifunika leso kichwani.

"Nyumba gani hii," alisema hatimaye, "wenyewe wananyeshewa pamoja na mgeni?"

"Ni ndogo, Mama," mke wangu akajibu.

Mama akasogea kwenye benchi, akanivuta mkono niketi kati yake na usukani, mahali ambapo matone yalikuwa machache. "Inatosha," akasema, na kuomba sukari zaidi.