Kuni za Mzee Damiani

Nyumba ile ilinuka moshi wa zamani, ule ulioingia ukutani ukakataa kutoka. Tulifika Ifakara kutoka Kisawasawa, kijiji chetu alikobaki baba, katika miaka ya hamsini, mavuno yamekwisha: mama, mimi wa miaka tisa, na mdogo wangu Kosmas, aliyebebwa mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea. Alikuwa na kidonda mguuni kisichosikia dawa, na hospitalini walitaka kukiosha na kukifunga kila asubuhi, la sivyo mguu ungekatwa. Bila chumba mjini angeupoteza mguu huo, na mama alilijua hilo vizuri.

Chumba tulikipata kwa Mzee Damiani, mvuvi ambaye kila kiangazi alihamia kambini kando ya mto Kilombero, akarudi mvua za kwanza kupanda mahindi yake. Kodi ilikuwa ndogo, na ndani yake mlikuwa na kila kitu: maji ya kisima, mafuta ya kibatari, na kuni zilizopangwa ukutani hadi usawa wa paa. Alitoa masharti mawili tu.

"Mama Kosmas, jiko la humu ndani liwake kila siku, hata kama huna cha kupika. Na darini asipande mtu."

Dari lenyewe lilikuwa la mianzi, limefunikwa mikeka, na kimlango chake kimefungwa kamba kwa mafundo matatu. Mama aliitikia, "Ndiyo, baba," kwa utii kabisa. Mzee alipotokomea na nyavu zake, mama akashika kiuno.

"Nani anakupa kuni bure, halafu anakulazimisha uziwashe? Moto huo si wetu. Huko juu kuna kitu kinaota moto."

Basi jiko la ndani halikuwashwa. Tulipika nyuma ya nyumba kwa vijiti nilivyookota njiani tukitoka hospitali, na rundo la mzee likabaki kama alivyoliacha. Maji tuliyanywa, kwa kuwa mama alimwona mwenyewe akiyanywa. Mchana wa joto nilijilaza chali nikisikiliza dari, na kweli kulikuwa na mkwaruzo mdogo, wa kitu kinachotafuna bila haraka. Siku zilivyokwenda, unga mweupe ulianza kudondoka mkekani petu. Mama aliuzoa kwa jani la mgomba, akafanya ishara ya msalaba, akaenda kuutupa mbali. "Dawa hiyo," alisema. "Anatunyunyizia hata akiwa hayupo." Nilimwamini moja kwa moja. Nilimchukia mzee yule kwa moyo wangu wote, na kila Kosmas alipolia akifungwa kidonda nilijua wa kulaumiwa ni nani, ingawa kidonda chenyewe kilikuwa kinapungua wiki hadi wiki.

Mvua zikaanza, mzee akarudi. Alisimama mbele ya rundo la kuni, hata shikamoo yangu hakuiitikia. Akaegemeza ngazi, akakata yale mafundo, akapanda. Aliposhuka alikuwa na hindi kavu mkononi. Alilifinya kidogo tu, punje zikavunjika zikawa unga, na fukusi wakatawanyika kiganjani mwake. Ilikuwa mbegu yake yote ya mwaka ule. Mama aliujua unga ule papo hapo. Kwetu pia mbegu ilikaa juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu, ila yetu ilining'inia wazi, kila mtu akiiona.

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Ningesema, mngeila. Wapangaji wa mwaka juzi waliimaliza."

"Mimi nile mbegu ya mtu?"

"Kwani nilikujua?"

Na mama naye hakumjua yeye. Nilingoja tufukuzwe, na kidonda cha Kosmas kilikuwa bado kinataka wiki chache. Badala yake mama alifunga kanga kiunoni, akatuacha mikononi mwa mtu yule yule aliyekuwa akimwogopa, akaenda Kisawasawa kwa miguu. Siku ya nne alirudi na mbegu yetu kichwani, na baba mwaka ule akalima nusu ya shamba. Mzee Damiani aliipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyeomba radhi. Alipanda tu ngazi akaing'oa mikeka ya dari, nasi tukaona juu hadi kwenye nyasi za paa, na mama akawasha jiko. Tuliondoka pale Kosmas akitembea kwa miguu yake miwili.

Sasa katika uzee huu nimepanga chumba na sebule ghorofani, Dar es Salaam, maji na umeme vimo humo humo kwenye kodi. Mwenye nyumba ana sharti moja: taa ya ngazini, nje ya mlango wangu, isizimwe. Wiki nzima niliizima, nikijiuliza ananichunguza nini. Kisha nikakumbuka kiganja cha Mzee Damiani, nikashuka kumuuliza.

"Ni ya mume wangu, bibi," akasema. "Macho yamefifia, na ngazini pale ndipo anapojikwaa usiku."

Nilipanda nikaiwasha, na aibu ikanishika. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, na Mungu anisamehe, nikainua macho kutazama dari.