Kipokezi cha Sikio

Majirani wa ghorofa ya tatu walimwita Mama Mwenyekiti, na wengi wao hawakujua ni mwenyekiti wa nini. Mwenye duka la chini alishikilia kwamba ni wa chama cha siasa, tena kilichoshindwa uchaguzi, maana hajawahi kumwona akishuka kwenye gari la maana. Yeye mwenyewe alikwisha kuchoka kueleza. Ukimwambia mtu kwamba unaongoza kamati ya wanasayansi wanaoushauri mradi wa darubini ya redio, mradi wa nchi nyingi wenye antena zilizotapakaa nyikani kama masahani yaliyoanikwa, atakuuliza tu, "Kwa hiyo nyinyi ndio wakubwa?" Naye hujibu, "Wakubwa ni bodi. Sisi tunashauri tu." Basi hapo mazungumzo hufa.

Alikuwa mjane. Mumewe, mwalimu wa hisabati, alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mingi nyuma, na binti yao wa pekee aliolewa ng'ambo. Mtu aliyebisha hodi pale bila kualikwa alikuwa mmoja tu, mhandisi aliyesoma naye chuoni, wakasota pamoja, wakagawana hata daftari. Chuoni walimpa jina la Sikio, kwa kuwa alikuwa akiinamia redio mbovu kidogo tu, anakwambia wapi waya umelegea. Tangu mazishi ya mume, Sikio alikuwa akija kila Jumapili mchana. Alikuwa akikaza bomba linalovuja, akila, kisha wakibishana juu ya lolote mpaka chai ipoe. Alimwita dada, naye akamwita kaka, na hakuna aliyewahi kuwauliza undugu wao ulitokea wapi.

Kwenye mradi, Sikio ndiye aliyeongoza timu ya kipokezi cha masafa ya chini kabisa. Kazi ya kipokezi hicho ilikuwa kunasa mnong'ono wa gesi iliyokuwepo kabla nyota ya kwanza haijawaka. Alikuwa amekitumikia karibu nusu ya umri wake wa kazi. Tatizo ni kwamba kipokezi kilikuwa na kelele zake chenyewe, na kelele hizo zilibadilika kila jua lilipopanda na vyuma kupata joto. Ni sawa na kutaka kumsikia mtu anayenong'ona ilhali tumbo lako mwenyewe linanguruma. Mwaka ule bodi iliiomba kamati iseme bila kuzunguka: kipokezi hicho kiendelee, au kisimamishwe ili mafundi wake wakamalizie vipokezi vingine vilivyokuwa vikichelewa?

Siku ya kikao, kabla ya lolote, Mwenyekiti aliwaambia wenzake, "Kiongozi wa timu hii ni rafiki yangu, zaidi ya rafiki. Mkitaka nitoke, natoka, makamu aendeshe."

Makamu wake, mzee mpole aliyesafiri kutoka mbali, alicheka. "Fani yetu ni ndogo, Mama. Tukianza kuwatoa marafiki, humu watabaki wanaotuletea chai. Kaa."

Akakaa. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakung'ang'ania kutoka.

Sikio aliingia amevaa koti lake la harusi za watu, akaeleza kazi yao vizuri, kwa utulivu, bila kuficha kitu. Alipomaliza, Mwenyekiti aliangalia meza kwanza, ndipo akauliza.

"Mhandisi, zile kelele za kipokezi chenyewe, zimepungua tangu ukaguzi uliopita?"

Sikio alimtazama. Tangu wafahamiane hakuwahi kumwita hivyo.

"Zimepungua kidogo."

"Kiasi cha kuweza kusikia mnachokitafuta?"

"Bado." Sauti ikashuka. "Nipe msimu mmoja zaidi."

Kila mtu mle ndani alisikia kwamba hakusema "tupeni".

Alipotoka, wajumbe walijadiliana kwa muda mrefu. Nusu walitaka kumwongezea muda, nusu wakaona muda umekwisha, na mwishowe macho yote yakamgeukia Mwenyekiti. Alijua yapo maneno laini ambayo kamati huyatumia zikiogopa: "iendelee kwa uangalifu", "itazamwe upya baadaye". Angeyasema, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa amesoma matokeo ya majaribio yote, na alijua kwamba msimu mmoja ungezaa ombi la msimu mwingine. Akapiga moyo konde.

"Kisimamishwe," alisema.

Alipotoka alimkuta Sikio ukumbini, amesimama dirishani na kikombe mkononi.

"Vipi, dada?"

Kanuni zilikuwa wazi: hakuna neno kutoka hadi bodi ipokee ripoti. "Ripoti itakwenda bodi," alisema.

Sikio alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa habari za mgonjwa. "Haya, Mwenyekiti." Akaweka kikombe dirishani, akaondoka.

Jumapili iliyofuata Mwenyekiti alipika chakula cha watu wawili. Alisubiri mpaka mvuke ukaisha kwenye sufuria, akapakua, akala kidogo, kingine akakifunika. Jumapili ya pili akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Jioni ukaingia ujumbe: "Nimebanwa kidogo." Sikio hakuwa mtu wa kubanwa Jumapili.

Akamweleza binti yake kwenye simu.

"Mama, si ungejitoa tu? Undugu ni kufaana."

"Na mradi je, mwanangu?"

"Mradi hautakuzika, mama."

Aliuliza habari za wajukuu, akaambiwa wamelala.

Bodi ilikubali ushauri kama ulivyo. Vijana wa timu wakahamishiwa vipokezi vingine, na mambo yakaenda haraka kuliko ilivyotazamiwa. Sikio alistaafu kabla ya wakati wake, akaenda kufundisha kwenye chuo cha ufundi upande wa pili wa mji. Picha ya kwanza ya darubini ilipooneshwa hadharani, watu walisimama kupiga makofi, na kamati ikashukuriwa kwa sentensi moja. Mwenyekiti naye alipiga makofi. Ilikuwa picha nzuri kweli. Akageuka amwambie mtu, akakuta jirani yake ni mgeni wa wizara anayesoma ujumbe kwenye simu.

Wiki ile ile akaamua kwenda chuoni kwa Sikio bila kupiga simu. Alimngoja kwenye benchi nje ya karakana mpaka kipindi kikaisha. Sikio alitoka akijipangusa mikono, nywele zimekuwa nyeupe kote.

"Karibu, Profesa," alisema, kwa adabu ambayo ilimchoma kuliko tusi.

Alimletea kiti, akamletea chai. Waliongea juu ya wanafunzi, juu ya mgongo wake unaosumbua. Hatimaye akasema, "Kaka, kama nilikukosea..."

"Hukunikosea. Ningekuwa kwenye kiti chako ningesema vilevile, na hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa umekosea, ningekuja nyumbani tukagombana, yakaisha."

"Sasa?"

"Sasa nikikuona, nakiona kile kipokezi."

"Unataka nisije tena?"

Alifikiri kwa dhati, kama alivyofikiria kila kitu. "Njoo. Lakini si upesi."

Alimsindikiza mpaka getini. Wakapeana mikono, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

Muhula wake wa uenyekiti ulipokwisha, bodi ilimwomba aongoze tena. Binti alimsihi apumzike. Alikubali muhula mpya, na akampa sababu nyingi za kitaalamu, zote za kweli, ila ile kubwa hakuitaja.

Kikao cha kwanza kilifanyika kwa mtandao. Aliwasha kompyuta mapema mno, akakaa mezani kwake akitazama sura yake peke yake kwenye kioo, hadi makamu akatokea, nyuma yake dirisha lenye mvua.

"Habari za huko, Mama?"

"Nzuri tu," alisema, akasogeza kiti karibu. "Mvua imeanza lini? Hebu nieleze, inanyesha sana?"