Aliyetaja Radi

Huku kwetu Kamina radi haitajwi ovyo. Nyumba ikipigwa, watu hawaulizi mvua ilianza saa ngapi, wanauliza nani aliisema kabla. Aliyeisema njo aliyeituma, kesi imekwisha. Minyi, yaani mimi, nilikua na maneno hayo, na leo ni mwalimu wa fizikia. Cheka tu.

Mwaka jana, shule zilipofunguliwa, baansiyeni walirudi, wale tuliomaliza koleji, shule yetu ya sekondari, pamoja. Walitoka Lubumbashi, Kolwezi, wengine hata Kinshasa. Tulishona kitenge kimoja wote, tukaimba misa, tukala bukari, ugali wetu, na nyama ya mbuzi uani. Katika promosyo yetu, sisi tuliomaliza mwaka mmoja, ni mimi tu niliyebaki kufundisha hapa. Nilifurahi kuwaona, nisiseme uongo. Vitambi vimeota, mvi zimeingia, lakini vicheko ni vilevile.

Tukiwa bado tunakula tukafika kwenye jambo lenyewe: tuiachie nini koleji iliyotulea? Mwenzetu mmoja, leo ni avoka, wakili wa mahakamani, alikuwa amekwisha kuamua. Tujenge lango kubwa la saruji, na juu yake tuandike jina la promosyo. Watu wakapiga makofi.

Mimi macho yangu yalikuwa juu ya paa la madarasa. Pale kuna paratoneri, kile chuma cha kunasa radi, lakini waya wake wa shaba, ule wa kuipeleka radi chini udongoni, wezi walikuwa wameukata. Radi ikipiga chuma kile, njia yake ni kushuka ukutani hadi darasani. Chini yake ni darasa la tano, na humo anasoma mtoto wa marehemu dada yangu, niliyembeba mgongoni tangu akinyonya. Mvua zilikuwa zinakaribia. Nilikwisha kumwambia prefe, mkuu wa shule, hata nikachoka. Jibu lake lilikuwa moja: "Mama mwalimu, ile maneno tuiache."

Basi nikasimama mbele ya wote. "Lango litalinda nani? Radi itaingia mule darasani, itaua batoto!"

Ee Mungu wangu! Rafiki yangu tuliyekuwa tunakula naye sahani moja akavuta mkono wake. Avoka, ambaye huniita yaya, dada mkubwa, akajaribu utani: "Yaya, weye uko mwalimu ao uko na dawa?" Wachache wakacheka bila kunitazama. Prefe hakucheka.

"Lisemwalo lipo," akasema polepole. "Kama halipo, linakuja."

Hasira ilinipanda. Watu wenye diploma zao, tuliosoma umeme kwenye benchi moja! Nikawaambia waache saruji yao, wanunue waya. Wakainamia sahani zao. Ndipo nikaelewa kuwa nimeharibu kabisa: sasa atakayenunua waya atahesabiwa mwenzangu wa kutuma radi. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe si changu peke yangu.

Lango likajengwa. Ni zuri, siwezi kulikashifu. Lakini maneno yangu yalikwisha kuenea mjini na watu wa pikipiki, na jirani yangu akaacha kutuma watoto wake kwangu kuomba chumvi.

Kisha mvua ikaja. Nilikuwa nafundisha darasa la tano. Wingu lilitokea upande wa reli, zito, jeusi, mpaka ubao haukuonekana vizuri. Ngurumo ya kwanza ikatikisa mabati. Nikajikaza.

"Batoto, mutoke ku ukuta. Mukuye hapa katikati, karibu na minyi."

Hakuna aliyekuja. Wakainuka pamoja, wakavuta mabenchi yao, wakajibana kwenye ukuta wa nyuma, mbali nami kadiri darasa lilivyoruhusu. Nikamtafuta mtoto wangu, yule wa dada, kwa macho. Alikuwa katikati yao, machozi yanamtoka.

"Mama," akasema, "tafazali, usiseme tena."