Kopo la Maziwa la Maabara

Yale maziwa ya unga hayakuwa ya chai, na nilijua. Pale maabara yetu Temeke, Dakta Mwajuma alikuwa akiyakoroga na kuloweka humo karatasi ya kipimo, ili kingamwili zake alizoagiza Ulaya zishike protini moja tu anayoitafuta, iitwayo kinasi, zisigande kila mahali. Mie nikayamaliza kidogo kidogo kwenye chai ya saa nne, kisha nikajaza kopo unga wa ngano.

Jumatatu picha ya kipimo ikatoka nyeusi tii; kingamwili zimeganda karatasi nzima.

“Kingamwili zimeharibika. Nazirudisha,” akasema Dakta.

Nami nikadakia, “Wametuuzia mbovu hao, Dakta.”

Akakitazama kikombe changu. Akavuta kopo, akachota vijiko viwili, akatia kwenye chai yangu ya rangi.

“Koroga, Saidi.”

Nikakoroga. Mabonge yakaelea.