Furu wa Okello

Zilpa alikuwa na hoteli ya ugali na samaki kando ya njia ya machimboni, upande wa Nyamwaga, miaka ile dhahabu ilipowatoa watu mashambani na wengine wakavuka mpaka kuifuata. Mumewe, Okello, hakuja kuchimba. Alikuwa fundi vioo, na kazi yake ilikuwa kuweka madirisha kwenye maduka mapya. Vioo vilivyobaki aliviunganisha kwa gundi, akatengeneza tangi la samaki, akaliweka juu ya meza palepale wateja walipokaa kula. Ndani akatia furu, wale samaki wadogo wa ziwani, aliowatoa Shirati kwa ndoo.

Sisi tuliowajua furu kwenye sufuria tu tulishangaa. Kumbe ni samaki wakorofi. Madume walikuwa wakifukuzana kutwa nzima, wakichimba mashimo chini ya tangi, wakibeba kokoto mdomoni na kuzitema kwenye kioo. Okello aliipenda vurugu yao. Lakini umeme wa kuendesha pampu ya hewa haukuwepo, na bila majani mabichi maji yangeharibika. Basi alipanda majani marefu membamba ya ziwani, furu wakayang'oa, akayapanda tena. Kila asubuhi mikono yake ilinuka tope la samaki.

Madirisha yakaisha, dhahabu nayo ikamwita. Akaingia duarani, shimo la kuchimbia dhahabu, pamoja na Matiko, kijana wa Kikurya kutoka Nyanungu. Masika yalipokolea, duara lilititia. Matiko alikuwa juu akivuta kamba, akapona. Watu walichimba mpaka maji yakapanda kutoka chini, kisha wakaacha. Okello hakuonekana tena, hata mwili wake.

Zilpa hakufunga hoteli. Alipika, alipakua, na wateja walipoondoka alasiri alikaa karibu na tangi. Furu walikuwa wameng'oa kila kitu. Majani yalielea juu yakioza, na katika ukimya ule ulisikia kokoto zikigonga kioo. Tik. Zinanyamaza. Tik, tik. Siku moja nilimkuta ameinamisha kichwa kama mtu anayesemeshwa.

"Unasikia nini, Mama Vivian?" nilimuuliza.

"Anafanya kazi," akajibu, akainuka kuosha sahani.



Matiko alikuwa akija kunywa chai kila siku, na kila siku alikaa ameelekea ukutani. Kokoto ilipogonga kioo, mabega yake yalipanda. Mwisho akasema, "Shemeji, watupe hawa samaki. Nitakusaidia kuwabeba mpaka mtoni."

"Ni samaki wa Okello."

"Basi watakufa humu. Hayo maji yamekuwa kama chai yangu."

Hilo lilimchoma Zilpa, kwa sababu lilikuwa kweli. Akaanza kutafuta mmea utakaowaweza furu. Alimtuma mwenye basi dogo amletee magugu maji kutoka ziwani. Yalielea na hayakung'oka, lakini furu waliikatakata mizizi iliyoning'inia, na chini kukawa giza. Akachimbua yungiyungi kwenye lambo la ng'ombe. Majani yake mororo yakaliwa yakabaki vijiti. Akajaribu yale majani kama nyuzi yasiyo na mizizi. Hayo walau yalidumu, mpaka nayo yakanyonyolewa kama kuku.

Kipindi hicho Omondi, kaka mkubwa wa Okello, alivuka mpaka wa Sirari kuja kumwona. Alikula kwanza, ndipo akasema.

"Shemeji, mzee anauliza. Mtu hawezi kukaa nje hivi. Tutafute yago tumzike."

Kwa Wajaluo, aliyepotea bila mwili huzikwa kwa tunda la mti wa yago, lile zito na refu. Hufungwa sanda likawekwa kaburini badala yake.

"Bado," Zilpa akasema.

"Bado nini?"

Zilpa akatazama tangi. "Nitamzikaje mtu ninayemsikia?"

 Omondi alilala siku moja, akarudi kwao bila jibu.

Ni Matiko aliyesema kuhusu majani ya mtoni kwao. Kule Nyanungu kuna kijito chenye kasi, na ndani ya maji yale, juu ya miamba, kuna majani ya kijani kibichi yaliyokolea, magumu kama ngozi, ambayo hata mbuzi huyatema. Zilpa akamwachia Vivian, binti yake, hoteli, wakaenda. Walimsalimu mama yake Matiko, "Shikamoo mama," akawapa ndizi, wakashuka kijitoni.

Zilpa aliingia maji mpaka magotini. Majani yalikuwa pale, yamelishika jiwe kwa shina linalotambaa, hayana hata chembe ya udongo. Alivuta. Hayakutoka. Akavuta kwa nguvu zote, akacheka, mara ya kwanza tangu masika. Alipogeuka kumwita Matiko, alimwona amechuchumaa ukingoni, ameziba masikio. Maji yalikuwa yakiviringisha vijiwe juu ya mwamba.

"Matiko?"

Aliondoa mikono masikioni. "Tulimsikia, shemeji. Duara lilipofunga, tulimsikia akigonga jiwe kwa nyundo. Tulichimba tukifuata ule mlio. Anagonga, ananyamaza, anagonga. Maji yakaja. Yalinifika kifuani, wakanitoa kwa kamba, na bado alikuwa akigonga." Akafuta uso. "Kule kwako nakaa nasikia. Nisipokuja, nasikia pia."

Zilpa alisimama ndani ya maji na majani mkononi. Mama yake Matiko alituambia baadaye kwamba walirudi wameshikana mikono kama watoto, na hakuna aliyegusa chakula.

Nyumbani Zilpa alifanya kosa la mkulima: alilifukia shina kwenye kokoto. Baada ya muda mfupi likawa jeusi, likalainika. Matiko alilitazama akasema, "Kule halikuwa limefukiwa." Akamletea jingine, safari hii pamoja na mawe ya kijitoni. Zilpa alilifunga juu ya jiwe kwa uzi wa nyavu, shina likabaki wazi. Furu walilivamia. Waliuma, wakatema. Walisukuma, jiwe halikusogea. Mwisho jike mmoja akajificha chini ya majani, na dume aliyekuwa akimwandama akapoteza njia.

Kisha Zilpa akakunja mkono wa gauni, akazoa kokoto zote akazimwaga nje. Tangi likabaki na mawe makubwa na majani tu.

Alasiri ile hoteli ilikuwa kimya kabisa. Matiko alikunywa chai yake ameelekea samaki. Zilpa alikaa sehemu yake, akangoja. Machozi yalimtoka bila sauti. Wiki ileile akatuma ujumbe kwa Omondi watafute yago.

Okello alizikwa nyumbani kwa wazazi wake, ng'ambo ya mpaka. Tulikwenda wachache kutoka machimboni. Tunda lilikuwa limefungwa shuka nyeupe, na mama yake Okello alilipapasa kama mtu anayetafuta bega. Liliposhushwa, vijana walirudisha udongo, wakaanza kuushindilia kwa miguu kama ilivyo desturi. Matiko akaingia katikati yao.

"Msishindilie," akasema.

Walimtazama, mgeni, Mkurya. Omondi akamgeukia Zilpa, naye akatikisa kichwa kukubaliana na Matiko. Basi udongo ukawekwa kwa mikono, kidogo kidogo, ukaachwa hivyo hivyo, laini. Wazee hawakufurahi, ila hakuna aliyekataza.

Mvua zilipokuja kaburi likazama katikati. Omondi alituma salamu: aongeze udongo? Zilpa, aliyekuwa akimenya vitunguu, aliacha kisu.

"Mwambie aache," akasema. "Apate pa kupumulia."