Wastani wa Mwanamvua

Mwanamvua hajawahi kulisimulia jambo hili bila kutema mate kwanza. Hutema, hujifuta mdomo kwa ncha ya kanga, ndipo huanza. Na ukishamjua Mwalimu Telesphory, utamsamehe hayo mate.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane, Mwanamvua akiwa kidato cha nne katika shule ya kutwa pale Kigoma. Kila asubuhi alitoka kwao Ujiji kwa miguu, viatu mkononi visije vikaliwa na changarawe, akavivaa alipokaribia shule. Alitaka kitu kimoja tu: chuo cha uuguzi. Shule iliandika wastani wa kila mwombaji kwenye fomu, na fomu isiyofikisha hamsini haikutumwa kokote. Siku zile wastani haukuwa wa daftari peke yake. Kazi za kujitegemea nazo zilitiwa alama: shamba la mihogo, usafi, moyo wa ujamaa. Na huo moyo wa ujamaa aliupima Mwalimu Telesphory kwa macho, akiwa amekaa kivulini.

Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa kujitegemea. Kila Jumatatu mstarini alisimama na kaunda suti yake iliyopigwa pasi, akawalaani kupe na wanyonyaji mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Jembe hakuligusa.

Mwezi wa sita alisoma wastani mbele ya darasa.

"Mwanamvua, arobaini na saba."

Wenzake wakageuka kumtazama. Alikuwa wa pili kwa Baiolojia, na matuta yake shambani yalikuwa yamenyooka kuliko ya wavulana. Akamfuata Mwalimu ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimepungukiwa wapi?"

"Marahaba. Kwenye kazi, binti. Moyo wako haujachangamka. Halafu mwambie mama aje tuzungumze. Malezi ni ya wote."

Ujumbe aliufikisha, kisha akajitahidi, maskini. Alifyeka nyasi, akasomba maji, akasugua vyoo vya wavulana ambavyo hata nzi walivionea kinyaa. Mikono ikatoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Mwezi wa tisa Mwalimu akasoma tena: hamsini na sita. Siku hiyo Mwanamvua alikimbia nusu ya njia ya kurudi Ujiji. Mama yake, aliyekuwa uani akikamua mawese, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, akapiga vigelegele.

"Nilijua, mwanangu. Nilijua tu."

Mwanamvua hakujiuliza mama amejuaje.

Wiki iliyofuata Mwalimu akamchagua ajaze fomu za darasa zima, kwa kuwa ana mwandiko mzuri, yaani kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mvivu wa kuandika. Akamtuma nyumbani kwake akachukue kitabu cha alama. Mke wa Mwalimu alikuwa anasuka nywele, hakuinuka. "Kiko stoo, kwenye rafu. Pita tu," akasema.

Stoo ilinuka mawese. Chini ya rafu yalipangwa madebe matatu, yamefunikwa kwa majani makavu ya mgomba na kufungwa kwa vipande vya kanga ya bluu. Kila mkamuaji wa Ujiji alikuwa na kitambaa chake cha kufungia, ili debe lake lisichanganywe na la mwingine sokoni. Ile kanga ya bluu ilikuwa ya mama. Hata rushwa aliifunga kwa alama yake, kwa mazoea tu, kama anayepeleka sokoni.

Kwa hiyo vile vyoo alivisugua bure! Kwa hiyo chuo kimenunuliwa kwa madebe! Akakishika kile kitabu kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akakifungua ajionee alama zilivyoongezwa.

Hazikuongezwa. Kwenye ukurasa wa mwezi wa sita, kwa wino mweusi, aliandikiwa hamsini na sita. Pembeni, kwa penseli: "Asomewe 47. Mama aitwe, mawese." Mstari wa chini yake ulikuwa wa mwenzake darasani, Bonifasi: "Asomewe 45. Baba aitwe, ana mtumbwi." Ukurasa wa mwezi wa tisa ulikuwa mweupe. Muhula mzima mtu yule hakupima kazi ya mtoto yeyote.

Mwanamvua alitoka akashika ukuta wa jiko la Mwalimu, akatapika.

Jioni alimkuta mama akichochea moto chini ya pipa la kuchemshia chikichi.

"Mama, ulimpelekea Mwalimu mawese?"

"Madebe matatu." Mama hakuona haya hata kidogo. "Ulitaka nikutazame tu ukikosa chuo, ukaishia kuanika dagaa?"

"Nilikuwa nimefaulu, mama. Tangu mwezi wa sita. Alikudanganya ili umpelekee."

Mama akasimama. Akamtukana Mwalimu Telesphory, akamtukana na aliyemzaa, jirani wa pili akachungulia. Halafu akashusha sauti.

"Fomu yako imeshatumwa?"

"Bado. Anaisaini Ijumaa."

"Na Mwasiti yuko darasa la saba. Mwakani mdogo wako, Mungu akipenda, ni kwa huyohuyo."

"Mama, nitakwenda kwa mkuu wa shule!"

"Utakwenda, na Ijumaa utasainiwa na nani?"

Mwanamvua akageuka, akatema mate pembeni. Mama akajaza debe la nne. Hili alilifunga kwa kamba ya mgomba, si kwa ile kanga ya bluu. Akasema mgongo unamuuma, na kwamba mwenye njia ya Kigoma ni Mwanamvua.

Kesho yake alilitua mlangoni kwa Mwalimu. Alikuwa amepanga amwangalie usoni bila kumwamkia, walau hilo. Mwalimu akatoka, akalipokea debe kwa mikono miwili, akatabasamu.

"Shikamoo, Mwalimu," Mwanamvua akasema, na goti likapinda lenyewe. Kisha akamtajia jina la mdogo wake polepole, ili aliandike bila kukosea.